Wiki Mbili za Nyongeza

Mkutano uliitwa saa tatu, ukaanza saa tano.
Nalitaja mapema kwa sababu ajenda ilikuwa muda.

Mwalimu mkuu Syahuka alichora mwaka mzima ubaoni:
mihula mitatu, mistari mitatu ya chaki,
na kati yake vipande vya likizo
vyembamba kama sabuni ya mwisho wa mwezi.
"Hapa," akasema, "tukate wiki mbili.
La saba wabaki. Mtihani haungoji."

Baluku akainuka, kucha zake nyeusi kwa utomvu.
"Kahawa nayo nikaiambie ingoje?
Buni ikiiva imeiva, haisomi kalenda ya Kampala.
Mtoto akichuma wiki mbili, hiyo ndiyo karo yenyewe.
Mzuieni asichume,
halafu muhula ujao mfukuzeni kwa deni
la wiki mlizomzuia."
Watu wakacheka. Hata mweka hazina alicheka,
kisha akakumbuka kazi yake.

Bibi Ithungu hakucheka.
Analea wajukuu wanne; mama yao yuko ng'ambo, Kasindi,
na habari zake huvuka daraja kwa midomo ya watu.
"Ongezeni," akasema. "Ongezeni hata mwezi.
Shuleni saa nne kuna uji.
Kwangu saa nne kuna saa nne."

Mimi nilikuwa nyuma, karibu na mlango,
maana ilikuwa Ijumaa, na Ijumaa Mpondwe ni soko,
na maharage yangu nimemwachia jirani
ambaye kipimo chake sikiamini.
Sikujua ninyooshe mkono upande gani.
Nilimfikiria Kule.
Huamka saa kumi na moja, ukungu bado umelalia mlima,
hunawa jicho moja, huondoka.
Hurudi giza limemtangulia jikoni.
Juzi alifungua daftari akalala juu ya sehemu,
asubuhi shavuni ana tatu juu ya nane
kwa wino wa buluu, imegeuka nyuma mbele.
Nikamwambia, nawa.
Akasema, nikinawa nitasahau.

Nikasimama. Sikuwa nimepanga.
"Mwalimu, mimi nauza kwa debe.
Mteja hanilipi kwa ukubwa wa debe,
hutia mkono mpaka chini
aone kama sikujaza majani.
Hizi siku tulizo nazo, nani ametia mkono?
Jumatatu mwalimu wa hesabu alifuata mshahara Bwera.
Jumanne mvua, na bati la darasa la nne ndilo lile.
Jumatano wakarudishwa nyumbani kuleta fagio.
Alhamisi wakafagia uwanja kwa ajili ya mgeni.
Mgeni hakuja."

Kimya.
Si kimya cha kushinda.
Ni kile cha watu wanaojua
kwamba kesho watoto wao wataketi mbele ya huyu huyu.
Syahuka akajifuta chaki, kidole baada ya kidole.
"Mama Kule," akasema, na sauti haikuwa ya ukuu,
"wangu mshahara niliufuata mara tatu.
Mara mbili nilirudi kwa miguu."
Nikakaa.
Hilo halikuwamo katika debe langu.

Wakapiga kura. Waliotaka, thelathini na mmoja.
Wasiotaka, ishirini na tisa.
Mkono wangu ulikwenda juu mara mbili.
Katibu akanitazama, akaandika kitu,
sijui nini.

Sokoni nilikuta maharage yamepungua na pesa hazijaongezeka.

Usiku Kule akaniuliza, sahani mapajani:
"Zimebaki wiki ngapi?"
"Za shule au za likizo?"
Akafikiri, mdomo umejaa ndizi,
akaanza kuhesabu kwa vidole juu ya meza,
kimoja, kingine,
akafika cha saba, usingizi ukamchukua.

Vidole saba vikabaki wazi.
Sikuvikunja.